Kukunja Hewa

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, na lina msumari mmoja ambao umeshatoboa suruali za watu wa kila cheo. Ng'ambo ya barabara nyembamba kuna jengo la dobi lililofungwa. Madirisha yake ni makubwa, yanaanzia kiunoni na kwisha darini, vioo vimepata ukungu wa vumbi, na ndani hamna kitu ila sakafu na mwanga. Kinyozi watu walimwita Wembe, kwa sababu ya ulimi wake kuliko kazi yake. Asubuhi, wateja wakiwa bado hawajakumbuka kwamba wana nywele, yeye hukaa pale na wenzake: Refa, aliyechezesha mpira enzi zake na hadi leo huamua ubishi wote hata ule asioujua, Mama Birika, muuza kahawa, ambaye hukaa juu ya kigoda chake akimcheka kila mtu kwa zamu, na Pasi, mzee mpole aliyenyoosha nguo za watu katika jengo lile tangu ujana wake hadi siku mlango ulipofungwa. Jua lilikuwa jepesi siku hiyo, kama maziwa yaliyotiwa maji. Wembe akainua kikombe, akakishusha bila kunywa.

— Jamani, mle ndani kuna mtu amelala.

— Amelala au amekufa? Refa akauliza.

— Aliyekufa hajikuni goti.

Wote wakatazama. Kweli, nyuma ya kioo msichana mwenye miguu mitupu alikuwa amelala chali katikati ya sakafu, mikono ameitandaza. Kando yake kijana mmoja alikuwa amepiga magoti akimzungushia mstari kwa kipande cha mkaa, taratibu, kama fundi anayemkatia mtu nguo usingizini. Kisha msichana akainuka, akapatazama pale alipokuwa, akaanza kuuzunguka mchoro wake kwa kunyata, bega likitangulia na kiuno kikifuata, mithili ya mtu anayembembeleza mwenzake aamke.

— Wanapima, Refa akatoa uamuzi. Jengo limeuzwa. Siku hizi hawapimi kwa futi, wanapima kwa mwili. Futi inadanganya.

— Wapi! Wembe akasema. Mtu anayepima anaandika. Yule amelaza sikio chini. Chini ya sakafu ile kuna mto, bwana. Mto mzima unapita pale chini na sisi tunanunua maji kwa ndoo.

— Mto umeuona wapi wewe?

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji anaumwa nini kama si kiu?

— Methali hiyo hujaielewa, Mama Birika akamwambia.

— Methali haieleweki, mama. Inatumika.

Mama Birika akamimina kahawa, akawatazama wale wawili kwa muda.

— Mimi nawaambieni, yule msichana ana jambo na sakafu ile. Mtu akilala chini mchana kweupe, huyo ameachwa.

— Ameachwa na sakafu?

— Mnacheka nyie. Hamjawahi kuachwa vizuri.

Wembe alimwona Pasi akishika kikombe kwa mikono miwili, macho hayabanduki kwenye kioo. Mkewe naye alifanya kazi mle, na alifariki mvua za mwaka uliopita. Tangu hapo binti yao, mwalimu katika mji wa mbali, alikuwa akija mara kwa mara kumsihi babake ahamie kwake. Chumba kipo, wajukuu wanakuulizia, baba. Na Pasi kila mara humjibu vilevile: "Nitakuja, mwanangu. Ngoja kwanza." Angoje nini, hasemi. Wembe hakuwahi kumdadisi, maana aliogopa kupewa jibu. Kichwa kile alikuwa amekinyoa tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zilipokuwa nyeupe, na mtu ukishika kichwa cha mwenzio umri wote huo, roho haikubali kiende kushikwa na mwingine.

Kahawa ya pili haijapoa, msichana akavuka barabara. Nyayo zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Karibu, lakini uangalie msumari.

Hakukaa. Alichukua kikombe, akanywa akiwa amesimama mguu mmoja, mwingine akiusugua kwenye shavu la mguu, akajieleza bila kuulizwa. Yeye ni mcheza ngoma, yule ndani ni kaka yake, mchoraji. Mwenye jengo amewaruhusu walitumie mpaka litakapobomolewa.

— Tunakwenda mahali ambapo watu walifanya kazi miaka mingi, akasema. Mwili ukikaa sana mahali, unachukua kitu cha mahali pale. Na mahali napo panachukua kitu cha mwili. Mimi nakitafuta kwa kucheza, kaka yangu anakichora.

— Mkishakipata? Refa akauliza.

— Bado hatujui. Kuna yeyote hapa aliyefanya kazi mle? Sitaki anisimulie. Nataka anionyeshe tu mikono ilikuwa inakwenda wapi.

Wembe akageuza shingo. Refa akageuza shingo. Mama Birika akageuza birika lenyewe. Wote wakamtazama Pasi, na Pasi akatazama ndani ya kikombe chake.

— Hapana, akasema. Mimi mle sikufanya kazi.

Msichana akamwangalia mabega, moja lilikuwa limeshuka kidogo kuliko lingine. Hakumsuta. Akashukuru kwa kahawa, akarudi zake. Hapohapo Refa akaruka.

— Kadi ya njano! Pasi! Umemdanganya mtoto wa watu mchana huu, na mvuke wa mle bado umo mapafuni mwako!

— Ningemwonyesha nini? Pasi akajibu. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kukunja. Ile kazi ni ya watu wawili. Mtu mmoja akiifanya, anaonekana mwehu.

Akainuka, akaenda zake. Hakuna aliyemcheka.

Kesho yake Wembe hakuweza kuvumilia. Alisubiri Refa aende kununua gazeti, akavuka barabara kama anayekwenda kudai kitu, akaingia. Ndani palikuwa na ubaridi, na sauti ilikuwa inatoka mdomoni ikakaa hewani kidogo kabla ya kuanguka. Msichana, ambaye mtaa ulikuwa umeshambatiza jina la Peku, alimpokea kwa furaha. Kaka yake, waliyemwita Mkaa, alimwitikia kwa kichwa tu.

— Mimi si mtu wa dobi, Wembe akasema. Lakini mikono ninayo.

— Basi tuonyeshe ya kwako, Peku akamwambia.

Wembe akaona haya, yeye asiyejua haya. Akasimama, akashika kichwa kisichokuwepo, akakiinamisha, akaanza kukinyoa. Mwanzoni alifanya mzaha. Halafu mkono ukaendelea wenyewe, ukazunguka sikio, ukashuka kisogoni, ukakung'uta, na alipozinduka Mkaa alikuwa amemaliza mchoro ukutani. Ulikuwa mstari mmoja tu wa mgongo, na mwingine wa shingo.

— Mbona umenichora kama mwizi anayesikiliza mlangoni?

— Ndivyo unavyoinama, Mkaa akasema. Hunyoi tu. Unasikiliza.

Wembe akautazama mgongo wake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Akageuka kuondoka, na hapo ndipo alipoiona sakafu kwa upande, mwanga wa dirishani ukiwa umelala juu yake. Kwenye simenti kulikuwa na njia mbili zilizong'aa kama ndani ya ganda la yai. Zilianza mbali mbali, zikaelekeana, zikakaribiana mpaka zikabakiza nafasi ya kikombe tu kati yao, zikaishia hapo.

— Hata sisi tunajiuliza, Peku akasema. Kitu gani kilikuwa kinatembea hapa?

Habari hiyo ilipofika benchini, ilipata miguu minne.

— Mkokoteni, Refa akasema. Magurudumu mawili.

— Mkokoteni unakwenda sambamba, bwana Refa. Hizi zinakuja uso kwa uso. Zinakutana.

— Basi ni nyoka wawili. Nyoka wakubwa, wa kale. Kila alfajiri wanatoka kila mmoja kwake, wanasalimiana.

— Nyoka hang'arishi simenti!

— Wewe umemlaza nyoka kwenye simenti ukaona?

— Sikilizeni, Mama Birika akasema, na sauti yake ikawa ndogo. Mimi nadhani ni jengo lenyewe. Jengo likiachwa na watu linaanza kutembea ndani kwa ndani. Linatoka ukuta huu, linatoka ukuta ule, linajitafuta. Hamjawahi kuamka mkakuta nyumba imepumua?

Kila mmoja akaifikiria nyumba yake. Upepo ulipita barabarani ukaviringisha nywele za jana za wateja wa Wembe, ukaziacha.

— Ni mashuka, Pasi akasema.

— Eti?

— Njia zile. Ni mashuka. Ni mimi na mke wangu.

Akaweka kikombe chini. Akasimama, akajipangusa suruali, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Wembe, Refa na Mama Birika wakamfuata mpaka dirishani, wakapangusa vumbi kwa viwiko, wakabandika nyuso zao kwenye kioo.

Pasi aliwaamkua wale ndugu wawili, akawaambia njia zile ni zake na za marehemu mkewe, akavua viatu, akaviweka pembeni vikiwa vimeelekea mlangoni. Kisha akaenda kusimama mwanzo wa njia moja. Alisimama muda mrefu. Wembe alidhani atarudi. Lakini mikono yake ikapanda polepole mpaka usawa wa kidevu, vidole vimebana pembe mbili za kitu kisichoonekana, ikakikung'uta mara moja kwa nguvu, na jamani, Wembe angeapa mbele ya yeyote kwamba alisikia kitambaa kikilia. Pasi akaegemea nyuma, akavuta ili shuka linyooke. Akaikutanisha mikono. Akaanza kutembea.

Alikwenda kwa hatua fupi nyepesi, za kijana, hatua ambazo hakuna aliyemwona nazo njia ya sokoni wala msibani. Nyayo zake ziliingia kwenye ule mng'aro kama mkono unavyoingia mfukoni. Alipofika mwisho wa njia aliinama kidogo, akatoa pembe zake kwa mtu, akangoja, akachota mkunjo uliokuwa unaning'inia chini, akarudi kinyumenyume. Akaanza tena. Vumbi lilikuwa limeinuka na mwanga ukalishika, likawa linamfuata likienda na kurudi, jeupe, pana, likipanda na kushuka.

Peku akaja nyuma yake, si mbele. Mahali pa yule mwingine hakupakanyaga. Alimfuata mzee kama kivuli cha adhuhuri, akichukua kila alichokifanya: kung'uta, kuegemea, hatua, kuinama. Alipokwisha kukichukua mara kadhaa akasimama.

— Baba, mama alikuwa mfupi?

Pasi akageuka.

— Nani kakwambia?

— Wewe. Unainama kabla hujafika.

Mzee akajitazama magoti, akajitazama kiuno, kama mtu aliyeambiwa ana kitu mgongoni.

— Alikuwa ananifika hapa, akasema, akagusa kifua. Alikuwa akinitania kwamba nikizeeka mgongo wangu utakuwa kazi yake.

Mkaa alikuwa ameukabili ukuta wote, mkaa mzima umekwisha mkononi, akivuta mistari mirefu iliyotoka mbali, ikaja, ikaja, ikakoma mahali pamoja. Mistari ilipokuwa mingi, pale ilipokoma pakabaki peupe. Palikuwa padogo, na palisimama wima. Wembe alipaona kupitia kioo kilichochafuka kwa pumzi yake, na Mama Birika kando yake akashusha khanga yake ya kichwani mpaka machoni.

Pasi alikaribia ukuta. Aliinua mkono, lakini hakupagusa. Aliogopa kupafuta.

Baada ya hapo alikwenda kila siku, na akirudi benchini alikuwa na maneno. Aliwasimulia kwamba mle ndani mashine zilikuwa zinanguruma kiasi kwamba hukuweza kumsikia mtu ila ukifika usoni pake. Kwa hiyo yeye na yule binti mfupi wa meza ya mashuka waliongea pale tu mikono ilipokutana, sentensi moja kwa kila mkunjo.

— Siku hiyo nikamwambia, nina neno nawe. Tukaachana. Tukarudi kukutana, akaniuliza, neno gani? Tukaachana tena.

— Ehe! Refa akasogea.

— Nikarudi, nikamwambia, nataka nije kwenu. Akanyamaza. Shuka zima akanyamaza. Akachukua jingine, akanyamaza nalo. Mimi huku nakwenda na kurudi.

— Halafu?

— Halafu akasema, njoo, lakini kwanza nyoosha pembe yako, imekunjamana.

— Goli! Refa akapiga kelele, akasimama, msumari ukamkumbuka.

Hata kicheko chao benchini siku zile kilisikika kama kinatoka mbali, chumba cha pili. Watu walianza kuja kusimama dirishani. Muuza vitambaa alifunga duka akaja. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa akija kila asubuhi, anayumba na mtoto akimfuatisha mzee, hadi mtoto analala. Benchini ubishi ukapata mada mpya.

— Mcheza kwao hutunzwa, Refa akasema. Sasa mimi nauliza, pale ni kwao? Kwake si nyumbani kwake?

— Kwao mtu ni pale ambapo mguu haumuulizi kichwa njia, Mama Birika akasema.

— Basi mimi kwetu ni hapa benchini, Wembe akasema.

Alilisema kwa mzaha, lakini lilipotoka alilisikia, akatazama pembeni.

Binti yake Pasi alikuja siku ambayo hakuna aliyemtarajia. Alikuta kahawa inafuka na benchi tupu, na watu wote wako dirishani, wamempa mgongo. Alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kama babake, na mkoba begani.

— Shikamoo, baba mdogo. Baba yuko wapi?

Wembe alijua alichokuja kufanya. Akaonyesha kwa kidevu.

Mwanamke akaenda mpaka mlangoni, akasimama. Ndani babake alikuwa anakung'uta hewa. Alimtazama akienda, akiinama, akitoa pembe zake kwa ule weupe wa ukutani, akirudi. Akatazama mara ya pili. Mara ya tatu akaweka mkoba chini, akavua viatu, akaviweka kando ya viatu vya babake, akaenda kusimama juu ya njia ya mamake.

Pasi alikuwa ameinamisha uso. Alikuja na hatua zake zile nyepesi, akainama kabla hajafika, mikono yake ikafikia tumbo la mtu. Mikono ya mtu huyo ilikuwa inamngoja juu, kifuani.

— Baba, mimi niko huku.

Mzee akainua macho. Midomo ilimcheza, na dirishani wote walidhani analia, hata Refa akavua kofia. Kumbe anacheka. Kicheko kilimtoka tumboni kikajaa jengo lote, kikagonga madirisha, na binti naye akacheka, mikono yao ikiwa bado hewani, haijakutana. Peku akakaa chini palepale sakafuni, akafunika mdomo.

— Turudie, Pasi akasema.

Wakarudia. Aliinama tena, kwa mazoea, akajisahihisha nusu ya njia. Wakarudia. Mgongo ukawa unanyooka kidogo kidogo kila alipokuja, ukaacha kushuka mapema, na mwishowe mikono yao ikafika pamoja, juu, na binti akapokea pembe alizopewa. Walikunja mpaka mwanga ukahama sakafuni ukapanda ukutani.

Jioni hiyo kabla jua halijatua, Pasi alikaa na Wembe wawili tu.

— Jumamosi naondoka, akasema.

— Unakwenda kumtembelea?

— Nahamia.

Wembe akakizungusha kikombe. Kilikuwa kitupu.

— Sasa ndiyo umeanza kuingia mle, ndiyo unataka kuondoka? Akili gani hiyo?

— Ndiyo hiyohiyo. Mimi nilidhani nikiondoka namwacha humo. Muda wote huu nimekaa hapa kumlindia mlango. Jana nimepita mlango wa nyumbani kwangu, mlango mrefu ule, nikajikuta nimeinama. Nimeinamia nini? Hakai mle, Wembe. Yuko kiunoni kwangu hapa. Anakwenda ninakokwenda.

— Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

— Mimi siko juu, bwana. Nakwenda kwa mwanangu.

— Najua. Nimeitafuta nyingine, sijaipata.

Ijumaa alimnyoa. Alimkalisha kwenye kiti, akamfunga kitambaa shingoni, akashika kile kichwa. Alikijua: kovu nyuma ya sikio, kibonde cha kisogoni, ile sehemu ya utosini ambayo haitaki haraka. Aliinama kama alivyochorwa, akasikiliza. Pasi alifumba macho, akaanza kuvuta pumzi za mtu anayelala, kama ilivyokuwa desturi yake. Wembe ulipita, nywele nyeupe zikaanguka bila sauti. Zilipokwisha, Wembe hakuacha. Akapitisha tena pale palipokuwa pameshang'aa, akapitisha na upande mwingine.

— Umemaliza zamani, Pasi akasema, macho yamefumbwa.

— Najua.

— Haya. Basi endelea kidogo.

Jumamosi aliondoka na binti yake. Alimkumbatia Refa, akamshika Mama Birika mikono, na alipofika kwa Wembe alimwekea kiganja kichwani, kama anayempima. Gari likageuka kona.

Wale ndugu wawili walikaa siku chache zaidi. Peku alicheza peke yake kile alichopewa, mashuka, kinyozi, hata yule mama mwenye mtoto, akavichanganya vyote vikawa kitu kimoja kirefu kilichotoka ukuta hadi ukuta, na mtaa mzima ukatazama bila kuuliza maana yake. Mkaa alikunja makaratasi yake, lakini ukuta haukunjiki, akauacha. Walipokuja kuaga walikunywa kahawa, hawakutozwa.

Halafu wakaja watu wa kubomoa. Siku ya kwanza walizunguka tu, wakapiga piga kuta kwa ngumi, wakaongea kwa simu. Benchini Refa alikuwa anaeleza kwamba kuta zile zitapiga kelele zikiguswa, kwa sababu kitu kilichochorwa hakikubali. Mama Birika alisema hapana, zitainama, mtaona, zitainama kabla nyundo haijafika. Wembe alisema mto utatoka. Alisema bila nguvu, na hakuna aliyembishia.

Mmoja wa wale wafanyakazi akavuka barabara, kijana mzima mwenye kofia ngumu kwapani na jasho usoni. Akaagiza kahawa, akasalimia vizuri. Akalitazama benchi. Refa alikuwa upande huu, Wembe upande ule, na kati yao kulikuwa na nafasi, palepale alipokuwa akikaa Pasi.

— Samahani, wazee wangu, akasema. Hapa pana mtu?

Refa akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Mama Birika. Mama Birika alikuwa anammiminia mgeni kahawa, akaendelea kumimina, na kikombe kilikuwa kimekwisha kujaa.